Spana na Upande wa Pili wa Reli

Mtu yeyote aliyemwona Spana akivuka barabara alijua kwamba miguu ile iliwahi kuajiriwa. Haikuwa miguu ya kutembea hivi hivi. Ilitua kwa kipimo, hatua fupi fupi, kila moja pacha wa mwenzake, kana kwamba chini ya lami kuna kitu kimelazwa naye anaogopa kukikosa. Ukitembea naye ukiwa na haraka, utalia. Ukiwa huna haraka utalia vilevile, kwa sababu hatua zake ni fupi kwa mtu mzima na ndefu kwa mtoto, na hakuna binadamu aliyeumbwa saizi ya katikati. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na anavielewa vipimo, alikuwa na kauli moja tu kuhusu jambo hilo: "Wenzangu wameolewa na wanaume. Mimi nimeolewa na rula."

Kilichomponza ni mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Alitembea juu yake miaka ishirini na saba, akiwa mkaguzi wa njia. Saa kumi na mbili asubuhi anatoka stesheni ya chini, iliyo karibu na kwake, nyundo ya mpini mrefu mkono wa kushoto, spana ya urefu wa mkono mzima begani, anapanda na reli kilomita kumi na moja mpaka stesheni ya juu. Anagonga, anasikiliza. Nati iliyolegea ina sauti yake. Yeye husema inaongea kama mtu aliyeng'olewa jino na bado anataka kubishana. Anaikaza, anasonga. Saa nane mchana treni ya mizigo inashuka, anadandia behewa la mwisho, lile la gadi anayelinda treni, anarudi kula. Kesho yake, vilevile. Keshokutwa, usiniulize.

Kazi ya namna hiyo humfunza mtu kuangalia chini, na Spana alifuzu. Sindano ikidondoka kwenye chumba cha kushonea, yeye ameshaiona kabla haijatua. Lakini vitu vyote vilivyo juu ya goti havikumhusu. Mwaka mmoja mkewe alibadilisha mapazia ya sebuleni mara tatu, kwa makusudi, akisubiri neno. Hola. Siku alipong'oa msumari mmoja kwenye kizingiti cha mlango, mzee hajavua hata viatu, akauliza, "Nani kagusa hapa?"

Halafu treni zikaisha. Hakuna aliyezifukuza, zilipungua tu kama nywele, leo mbili, kesho moja, mpaka siku unapitisha mkono kichwani unakutana na upara. Reli ziling'olewa, mataruma yakaenda kuwa viti vya bustani kwa watu wenye bustani, na Spana akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kaunta ya nati na bolti. Akawa kama mchungaji aliyehamishiwa buchani: mifugo ni ileile, ila mapenzi hayapo. Akakaa humo miaka tisa, akastaafu, akawa yupo yupo nyumbani, akikaza bawaba za milango ambazo hazikuwa zimelegea.

Ndipo halmashauri ikapata wazo. Lile tuta la reli lililokuwa limelala bure lingefanywa njia ya matembezi, watu wa mjini waende huko kupunguza vitambi na kusikiliza ndege. Nusu ya chini ilisawazishwa ikamwagiwa changarawe laini na kuwekewa mabenchi. Nusu ya juu ilifyekwa kijuujuu tu, kwa sababu kamati ilikuwa haijaamua jambo moja kubwa: njia hiyo iongozwe na mtu, au iongozwe na vibao.

Afisa wa matembezi alifika kwa Spana asubuhi ya Jumatatu. Kweli hicho ndicho kilichokuwa cheo chake, afisa wa matembezi, na hata yeye alikitamka haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya wageni na taulo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, buti mpya, faili kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo kamba ya kiatu cha kushoto itafunguka."

Ikafunguka. Binti akainama kuifunga, na alipoinuka alikuwa ameshaamini.

"Mzee, nimeambiwa unaijua njia ya reli."

Spana alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kuniuliza mimi kama naijua reli ni kumuuliza samaki kama anajua maji. Nifunge macho. Nifunge kwa kitambaa cheusi. Nizungushe mara tatu. Nitakufikisha."

"Samaki naye huishia kwenye sufuria," alisema mkewe kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa.

Binti akakaa, akaeleza. Kamati inataka vibao. Kibao hakiumwi, hakiombi likizo, hakina msiba. Yeye peke yake ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema hapana, anatakiwa mtu, mtu anayeijua njia kwa miguu yake. Wakamcheka, halafu wakampa Jumamosi moja ya majaribio. Apeleke watu kumi na wanne, akiwemo mjumbe mmoja wa kamati, watembee njia nzima wakiongozwa na huyo mtu wake.

"Ikienda vizuri, mzee, kazi ni yako, kuongoza watu na kuiangalia njia. Ikienda vibaya, ni vibao. Na mimi wananirudisha idara ya makaburi."

"Huko nako si kuna njia?" aliuliza mke wa Spana.

"Zipo, mama. Lakini watu wake hawatembei."

Wiki ile Spana alikuwa mtu mwingine. Aliinyoosha sare yake ya zamani mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate. Aliisugua spana ikawa inatoa mwanga. Mkewe naye aliposhona vizibao vya njano vya kuwavalisha watembeaji na kiongozi wao, alishona kimoja zaidi ya hesabu.

"Hicho cha nani?" Spana aliuliza. Hicho alikiona, kwa sababu kilikuwa sakafuni.

"Changu. Miaka nenda rudi nimefua grisi ya hiyo reli yako, na pale stesheni palikuwa na tangazo, 'Marufuku kwa asiyehusika.' Jumamosi hii na mimi nahusika."

Jumamosi ilipofika, afisa alikuwa amekodi basi la shule liwapeleke wote stesheni ya juu, ili watembee wakishuka mpaka stesheni ya chini ambako chai ingekuwa inasubiri. Mpango mzuri. Nani mwenye akili timamu atapanda kilomita kumi na moja wakati anaweza kuzishuka? Watu wote waliusifu, Spana akiwa wa kwanza. Na hapo ndipo shetani alipotia mguu, tena mguu wenye soksi ili asisikike.

Maana Spana aliposhuka kwenye basi, akasimama kwenye jukwaa la stesheni ya juu na kuutazama ule uwazi kati ya vichaka, ule unaoshuka, aliona ugeni. Ilikuwa njia yake, hilo halina ubishi. Ila ilimwangalia kama mtu ambaye umemjua kisogo tu maisha yako yote, leo kageuka, kumbe ana masharubu. Akajikung'uta. Mzee mzima, kuogopa nyasi?

"Haya!" akaita kwa sauti ya mkuu wa stesheni. "Tunaondoka kwa wakati!"

Wakaondoka. Nyuma yake tu alitembea yule mjumbe wa kamati, mfamasia mwenye duka mjini. Wote walimwita Dokta, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Viatu vyake vya mazoezi vilikuwa vyeupe pee, na mkononi alishika simu yenye ramani ambayo ilikuwa imegoma tangu walipoacha mji, kwa hiyo alikuwa akiinyanyua juu kila baada ya hatua kumi kama anayeomba mvua.

"Mzee," alisema mwanamke mmoja muoka mikate, aliyekuwa akitembea pembeni, "ule mlima pale mbele unaitwaje?"

Spana akainua macho. Palikuwa na mlima. Mkubwa kweli, wenye mabega mawili na wingu limekaa katikati kama kofia iliyopinda.

"Ule?" akasema. "Ule ni mpya."

Watu wakacheka sana. Muoka mikate akampiga kofi la begani, akasema mzee ana vituko. Mkewe peke yake hakucheka. Alimtazama mumewe usoni akaona kwamba hakuwa anatania.

Kilomita tatu zilipita hivyo, kila mtu na raha zake. Halafu wakafika mahali ambapo njia iligawanyika. Ya kushoto ilikuwa pana, safi, imekanyagwa. Ya kulia ilikuwa nyembamba, inapenya chini ya matawi, unaweza kudhani ni ya mbuzi.

"Kulia au kushoto?" aliuliza Dokta.

Sasa nieleze hapa ili mtu asimhukumu mzee wa watu bure. Zamani palikuwa na reli ndogo ya kwenda kwenye machimbo ya mawe. Ukitokea chini, kama Spana alivyotokea kila siku ya kazi, reli hiyo inakujia kwa nyuma ya bega na kujiunga na yako bila hodi, kama shemeji anayeingia jikoni. Yeye alikuwa akifika hapo anainama kukagua nati za makutano, mgongo kwa machimbo, anakaza, anasonga. Miaka ishirini na saba aliziona njia mbili zikiwa moja. Moja ikiwa mbili hakuwahi kuiona hata mara moja. Na baada ya reli kung'olewa, malori ya mawe yaliendelea kutumia ile ya machimbo, ikapanuka na kunawiri, huku ile halali ikimezwa na vichaka.

Watu kumi na wanne walikuwa wanamtazama. Kumi na sita, ukimhesabu mkewe na afisa.

"Kushoto," Spana akasema, kwa sauti isiyo na chembe ya shaka. Sauti yake haikuwahi kumsaliti. Vingine ndivyo vilivyomsaliti.

Miguu ndiyo ilikuwa ya kwanza kugundua. Hazijafika hatua mia mbili, nyayo zikaanza kulalamika. Mawe ya njia yake alikuwa anayajua. Yalichekechwa, yote saizi ya yai. Haya yalikuwa kila moja na ukoo wake: hili kama ndizi, lile kama tofali. Spana akaangalia chini, mahali ambapo hakuwahi kudanganywa, na moyo ukamwambia, baba, hapa siyo kwako.

Ungefikiri angesimama. Wewe ungesimama? Nyuma yake kuna Dokta na simu yake, kuna binti wa watu aliyemdhamini, kuna mke. Akajisemea pengine mbele itajirekebisha. Akaongeza mwendo. Akaanza hata kupiga mluzi, na mkewe aliposikia mluzi huo akajua wamekwisha, maana mara ya mwisho mumewe kupiga mluzi ilikuwa siku alipopasua sinki.

Kilomita nzima. Halafu njia ikapinda, na mbele yao ukasimama ukuta wa mawe, mrefu kama jengo la ghorofa tano, umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Chini yake palikuwa na dimbwi la maji ya kijani na mashine ya kuchimbia iliyooza, na juu ya mashine mbuzi mmoja amesimama, akiwatazama kama karani wa dirishani saa ya mapumziko.

Dokta akarudisha kichwa nyuma, akaufuata ukuta kwa macho mpaka juu kabisa, akauliza kwa upole mkubwa:

"Mzee, treni ilikuwa inapandaje hapa? Kwa ngazi?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mbuzi aliteremka. Afisa wa matembezi alikuwa amekuwa rangi ya karatasi, lakini binti yule alikuwa na akili za haraka. Akaruka juu ya jiwe, akapiga makofi.

"Wapendwa! Mzee ametuletea kituo chetu cha kwanza! Haya ndiyo machimbo yaliyotoa mawe ya reli yote! Pigeni picha, tuna dakika kumi!"

Watu wakaitikia "Aaah!" wakaanza kutoa simu. Dokta alikunja uso, lakini hata yeye alianza kutafuta pembe nzuri ya kujipiga picha na dimbwi. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Spana, tena amefunguliwa na mwenye nyumba. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Kazi ingekuwa yake, makaburi yangebaki na watu wake, na hakuna ambaye angejua.

Akamvuta binti pembeni, lakini alikuwa na sauti ya kushindana na treni, na kunong'ona hakukuweza. Watu wote walisikia.

"Mwanangu, asante. Lakini usinisitiri. Nimepotea."

"Mzee, nyamaza," binti akasema bila kufungua meno. "Tunaenda vizuri."

"Haturuhusiwi kwenda vizuri namna hiyo. Kazi yetu ilikuwa na dhambi moja tu. Ulevi walisamehe, uchelewaji walisamehe. Dhambi ilikuwa kuandika kwenye daftari 'njia ni salama' na wewe hujaipita. Mimi nilikwambia nifunge macho nitakufikisha. Hiyo ilikuwa daftari nimeandika nikiwa nyumbani." Akawageukia wote, akavua kofia. "Ndugu zangu, hii siyo njia. Njia ni ile ya kulia, tuliyoiacha kule nyuma. Nimewaongezea kilomita mbili za bure, kwenda na kurudi. Nimepotea kwenye reli."

"Mtu anapoteaje kwenye reli?" aliuliza muoka mikate, kwa mshangao wa kweli, bila kejeli. "Si imenyooka?"

Spana akakuna kichwa. Lilikuwa swali la haki, na yeye mwenyewe alikuwa analitafutia jibu tangu mawe yalipobadilika.

"Nilikuwa napanda tu," akasema taratibu. "Kila siku, kupanda. Kushuka nilishuka na treni."

"Na kwenye treni si ulikuwa unaona?" Dokta akadakia.

"Nilikaa behewa la mwisho, dokta. Kibarazani kwa gadi, miguu inaning'inia nyuma. Nilikuwa naiona njia inavyonikimbia." Akashangaa mwenyewe. "Kumbe hata kurudi nilirudi nikiangalia kulekule. Miaka ishirini na saba sijawahi kuangalia nyumbani."

Mkewe akasema, kwa sababu lazima mtu aseme kitu, "Ndiyo maana mapazia."

Wakarudi mpaka kwenye njia panda, wakaishika ile ya kulia, chini ya matawi. Mawe yakawa saizi ya yai, miguu ya Spana ikatulia. Kichwa bado. Kila alipotazama mbele, mgeni. Kila alipogeuka kutazama walikotoka, mwenyeji: "Ah! Hapa kumbe ni pale kwenye kona ya Jumatatu!" Akigeuka tena mbele, anapotea. Akageuka, akageuka, shingo ikawa kama feni ya ofisini. Mkewe akachoka kumtazama.

"Baba nanihii, utavunja shingo. Geuka moja kwa moja."

"Nigeuke vipi?"

"Tembea kinyumenyume."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu umeshapotea, aibu gani imebaki? Geuka." Akapita mbele, akakishika kizibao cha mumewe kwa nyuma, akakifumbata ngumini. "Mimi ndiyo kichwa cha treni. Wewe behewa la mwisho. Twende."

Basi ndivyo walivyoshuka. Fundi cherehani mbele, akivuta. Mkaguzi wa njia nyuma yake, uso kwa abiria, anatembea kinyumenyume kwa hatua zilezile za mataruma, na miguu yake, niamini, haikukosea hata jiwe moja. Na kwa kuwa alikuwa anawatazama watu usoni, na njia yake ikimfunguka nyuma ya vichwa vyao upande aliouzoea, mdomo ukafunguka nao.

Aliwaambia habari za kona ya Jumatatu, ambako nati zililegea kila mwanzo wa wiki kwa sababu Jumapili treni ya abiria ilipita hapo kama imeibwa.

"Dereva alikuwa anawahi nini?" Dokta akauliza.

"Alikuwa anachumbia. Mkwe mtarajiwa alikuwa mtu wa saa."

"Akafanikiwa?"

"Siku moja nati hazikulegea. Nikajua amekataliwa."

Wakacheka. Aliwaonyesha mahali aliposimamisha treni nzima kwa bendera nyekundu kwa sababu ya ufa mdogo kama unywele, na dereva akamtukana dakika kumi, halafu akashuka, akauona ufa, akamkumbatia. Mbele kidogo mkewe akaita, "Kushoto kuna njia pana, kulia kuna kidaraja!"

"Mawe ya kidaraja yamepangwa kama meno?"

"Mengine yameng'oka."

"Ndiyo hicho. Pita. Shika upande wa ndani, jiwe la tatu linacheza."

Dokta, ambaye hakuamini, akalikanyaga jiwe la tatu. Likacheza. Viatu vyeupe vikaenda kusalimiana na tope, na mwenye viatu akatoka humo akicheka kama mtoto, jambo ambalo wateja wake wa miaka mingi hawakuwa wamewahi kuliona.

Juu ya kidaraja hicho Spana alisimama. Mkewe akavuta kizibao, hakisogei.

"Hapa," Spana akasema, akiwaambia wale watu, siyo mkewe, "ndipo niliposoma barua. Kuna binti alinikabidhi bahasha stesheni asubuhi, akakimbia. Nilijiambia nitaisoma nikifika juu, kazi kwanza. Nilifika hapa nikashindwa. Nikakaa, miguu inaning'inia, nikasoma. Nilipoinuka nilitembea tu, sijui natembea wapi. Nikaja kushtuka nimepita mataruma arobaini bila kugonga hata nati moja. Arobaini! Ilibidi nirudi."

Ngumi iliyoshika kizibao ililegea kidogo.

"Hukuwahi kuniambia," mkewe akasema, bado anatazama mbele.

"Ningesema nini? Nimezembea kazini?"

"Na ukanijibu kwa mistari mitatu! Mitatu, na mmoja ulikuwa tarehe!"

"Nilikuwa nimechelewa mataruma arobaini, mama."

Muoka mikate alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kizibao. Afisa wa matembezi alijifanya anaangalia faili. Wakaendelea. Sehemu ya changarawe laini ilipoanza hakuna aliyegundua, na walipofika stesheni ya chini chai ilikuwa imepoa kwa saa nzima, wakainywa hivyohivyo wamesimama, wakiulizana nani alisikia nini na nani alikuwa mbali.

Afisa akatoa fomu ya tathmini. Akamkalisha Spana kwenye benchi, kwa sababu sheria ilisema ijazwe mbele yake, na mjumbe wa kamati akiwa shahidi.

"Swali la kwanza," binti akasoma. "Kiongozi anaijua njia. Ndiyo, au hapana."

Dokta akafungua mdomo. Spana akamtangulia.

"Andika nusu."

"Mzee, hakuna nafasi ya nusu. Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana."

"Basi chora mstari katikati ya cha ndiyo. Naijua kwenda juu. Kuja chini siijui, leo ndiyo nimeiona, na nimeiona kwa kisogo. Kama mnaweza kunisubiri, nitajifunza. Kama hamwezi, wekeni vibao, na wewe binti nitakuja kukusaidia kule makaburini. Kule nako najua ziko nati za kukaza."

Binti akamwangalia Dokta. Dokta alikuwa amekaa chini, anakamua soksi.

"Kamati inakaa lini?" akauliza.

"Alhamisi, dokta."

"Kamati ni mimi na mwenyekiti. Na mwenyekiti hupiga kura baada ya mimi kumpigia simu." Akavaa soksi iliyokamuliwa, akakunja uso kwa baridi yake. "Nilikuja hapa kuua hili jambo, nisiwadanganye. Pale machimboni nilikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini kibao hakiwezi kusema nimepotea. Ukifuata kibao kibovu, kitakuelekeza kwenye ule ukuta kila siku mpaka kioze." Akaonyesha fomu kwa kidole. "Andika mtu. Miezi mitatu ya majaribio. Na kibao kimoja tu, pale kwenye njia panda, kwa ajili ya siku ambazo mzee anaumwa."

"Na kidaraja kikarabatiwe," Spana akasema. "Jiwe la tatu."

"Jiwe la tatu nalijua," akasema Dokta.

Kesho yake, Jumapili, saa moja asubuhi, Spana alikuwa mlangoni amevaa, anataka kuwahi gari la kwanza la kwenda juu akaanze masomo. Alikuta mkewe amekaa kizingitini, anafunga kamba za viatu ambavyo kwa kweli vilikuwa vya mumewe, amejaza vitambaa mbele ili vimkae.

"Wewe unaenda wapi?"

"Huko huko. Wewe utaangalia chini, mimi nitaangalia juu, tukifika kila mtu amwambie mwenzake alichokiona."

"Na cherehani?"

"Cherehani haijawahi kukimbia. Tangulia, rula, tutachelewa."

Spana akatangulia. Akatembea hatua kama tano, akasimama, akamsubiri afike ubavuni pake, na walipoanza tena alikuwa akihangaika waziwazi kurefusha hatua zake ili zilingane na za mkewe, anakosea, anarudia, anakosea tena.